Mlango wa Chumba cha Samaki

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, kompresa moja kati ya mbili ilizimika. Nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha baridi pale Bukoba, karibu na gati, nikisikia zikivuma pamoja kama nilivyozizoea. Ghafla ikabaki sauti moja. Nikazunguka nyuma ya jengo, nikagusa mota. Ilichoma, na harufu ya waya zilizoungua ilikuwa imeshatanda. Kipuri cha namna ile hakikuwako Bukoba. Mwanza nako tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba fedha za kigeni hakuna, tungoje.

Siku nyingine ningeandika taarifa nikangoja. Siku hiyo ndani mlikuwa na samaki wa baba mkwe wangu.

Hawakuwa wake peke yake. Walikuwa wa kijiji kizima cha ujamaa, upande wa ziwani Muleba, ambako yeye alikuwa mwenyekiti. Kijiji kilikuwa kimekopeshwa mashine ya boti kwa sharti kwamba malipo ya kwanza yatoke kwenye mzigo wa kwanza. Yasipotoka, mashine inarudi ilikotoka. Wanakijiji wengi walitaka kuwabanika sato wao na kuwauza wenyewe sokoni, kama walivyofanya siku zote. Baba mkwe aliwaambia mkutanoni, "Chumba kile anakitunza mkwe wangu." Wakapakia lori. Meli ya kuwapeleka samaki Mwanza ilitazamiwa Alhamisi.

Ufundi wa baridi nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha Kiingereza alichoniachia fundi aliyenitangulia na kamusi niliyoipata misheni ya Kashozi. Kitabu kilisema jambo moja ambalo nililishika: mashine haitengenezi baridi, inatoa joto. Basi ikiwa sina nguvu ya kutoa joto, kazi yangu ni kulizuia lisiingie. Na pa kuingilia palikuwa mahali pamoja tu: mlango.

Nikaanza na mpira wa fremu. Ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino. Meneja wetu aliposikia ninatafuta mpira, alitoka ofisini, akapindua baiskeli yake na kuanza kuchomoa tyubu.

"Chukua, ndugu. Mimi nitatembea."

Nikaizungusha ile tyubu kwenye fremu, nikaijaza upepo kidogo, ili mlango ukifungwa uibane. Nikajaribu kwa kipande cha karatasi: nilifunga mlango juu yake, nikakivuta, kikagoma kutoka. Nikajaribu pande zote nne, kikagoma. Nilijisikia mtu mwenye akili. Alasiri kipimajoto kilikuwa kimepanda digrii mbili nyingine.

Nikavuta kreti, nikakaa kuutazama mlango wenyewe. Mchukuzi mmoja, katika wale walioingiza na kutoa mizigo ya watu wengine siku nzima, alikuwa ameegemea kizingitini, sigara mkononi, mlango wazi, akizungumza na mwenzake. Nikaona moshi wa sigara ile. Alipoinua mkono, moshi uliingia chumbani. Alipoushusha pajani, moshi ulikimbilia nje. Nikapiga goti, nikaweka kiganja karibu na kifundo cha mguu wake. Baridi ilikuwa inatiririka pale kama maji.

"Fundi, mguu wangu una nini?"

"Usisogee. Inua tena sigara."

"Mae waitu!" akamaka kwa Kihaya. "Kompresa imekufa, na fundi naye anaifuata."

Walicheka, nami sikuwakataza. Nilikuwa nimeelewa. Hewa baridi ni nzito, inatoka chini. Ya joto inaingia juu kushika nafasi yake, tena na unyevu wake, unaoganda juu ya mabomba na kuyanyima nguvu. Tyubu yangu ilikuwa inauziba mlango uliofungwa, na mlango ule haukuwa ukifungwa.

Jioni ile nilikata tyubu kuukuu za malori kuwa vipande virefu vya upana wa kiganja, nikavitundika mlangoni kwa safu mbili zinazopishana, mtu apite katikati na vijirudie vyenyewe. Wachukuzi walisema ni kama kuingia tumboni mwa ng'ombe. Hata hivyo walipita, na kipimajoto kikasimama.

Jumanne akaja baba mkwe kwa basi la Muleba, na wazee wanne wa kijiji. Habari za kompresa zilikuwa zimewafikia. Walitaka kuwaona samaki kwa macho yao, na haki ilikuwa yao. Nikafungua. Baba mkwe akakusanya vipande vya mpira kwa mkono wake, akavisukuma kando kama pazia la sebuleni, akasimama hapo hapo kizingitini kunisalimu.

Salamu za kwetu hazimaliziki kwa neno moja. Mkwe huulizwa alivyoamka, mke alivyoamka, watoto, migomba, mvua, na kila swali hulijibu "waitu", neno letu la heshima, kwa kichwa kilichoinama. Mzee akimaliza, wa pili anaanza. Kisha baba mkwe akafungua kifurushi cha jani la mgomba chenye kahawa ya kutafuna, akagawa punje moja moja. Wachukuzi waliopita na kreti walisimama nao, wakasalimu, wakapewa. Nilikuwa nimeinama, naisikia baridi ikipita miguuni mwangu kwenda nje, na kwetu mkwe hamwambii baba wa mke wake asogee.

Wazee walilala mjini ili waje tena kesho yake. Usiku nilimwomba mke wangu anisemee.

"Nimwambie nini?" aliuliza.

"Asisimame mlangoni."

"Yaani nimwambie baba asitazame mali aliyoiapia mbele ya kijiji? Mwambie mwenyewe, wewe ndiye fundi."

Jumatano asubuhi samaki wa kreti za juu, zilizo karibu na mlango, walikuwa wameanza kulainika. Nilibonyeza mmoja kwa kidole, na shimo likabaki. Nilikuwa bado nimemshika niliposikia sauti ya baba mkwe kizingitini, na mwanga wa nje ukanifikia. Mpira ulikuwa kando tena.

"Mkwe wangu, mmeamkaje?"

Nilitoka nikiwa sijajibu. Nikaushika mlango.

"Baba, naufunga."

"Unamfungia nani?"

Nikausukuma mbele ya uso wake, komeo likalia. Mmoja wa wazee akasema kwa Kihaya kwamba sasa wameonyeshwa thamani yao. Mwingine akacheka, si kwa furaha: "Mwenyekiti, huyu ndiye uliyetuambia?"

Nikamwomba mchukuzi sigara iliyowashwa, nikaufungua mlango upana wa vidole viwili, nikachuchumaa.

"Tazama hapa chini, baba. Na sasa hapa juu. Baridi ya samaki wako inatorokea hapa, kila tunaposalimiana."

Aliinama, fimbo mkononi, akautazama moshi ukienda nje chini na kuingia juu, mpaka sigara ikafupika. Kisha akainuka.

"Nipe kreti nikalie."

Aliiweka hatua kadhaa mbele ya mlango uliofungwa, akakaa, akafungua kifurushi cha kahawa mapajani. Tangu hapo hakuna aliyeufikia mlango bila kusimama kwake kwanza. Mchukuzi akija, anasalimu, anaulizwa nyumbani kwao, anapewa punje. Wakati anajibu, wa pili anafika, na wa tatu. Wakishakuwa wengi, mzee aliinua fimbo: "Haya, ingieni wote, mtoke wote. Anayechelewa atalala na sato." Karani mmoja wa mjini alijaribu kupita kando.

"Shikamoo mzee, nina haraka."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Naye ana haraka?"

Karani akasimama na wenzake. Mlango uliokuwa ukifunguliwa kila dakika ukawa unafunguliwa mara chache kwa saa. Kufikia jioni kipimajoto kilikuwa kinashuka, kwa kompresa moja. Lakini mimi, baba mkwe hakunisalimu, wala hakunipa kahawa.

Alhamisi meli haikuja. Ijumaa ilikuja. Mpokeaji wa mzigo alifunua matamvua ya samaki mmoja mmoja, na kreti za karibu na mlango akazikataa zote. Zilizokuwa ndani zaidi alizipokea. Zilizokataliwa tulizimwaga kwenye shimo nyuma ya ghala. Baba mkwe alisimama kando ya shimo mpaka udongo uliporudishwa, wazee wake wakiwa wamekwisha kwenda kungoja basi.

Fedha za samaki hazikutosha malipo ya kwanza ya mashine. Miezi miwili baadaye mke wangu alirudi kutoka kwao na kunieleza jinsi pengo lilivyojazwa. Baba yake alikwenda Kishanda kwa mtu mwenye fedha, akauza butura, yaani kahawa ikiwa ingali juu ya miti, kwa bei ya mwenye njaa. Serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa akiikemea katika kila mkutano.

Mashine ya boti ilibaki kijijini. Kahawa yake ya mwaka mzima ilikwenda kujaza pengo hilo, shilingi elfu moja mia sita na arobaini.