Mama Uzi na mapacha waliomezwa na kompyuta

Saa moja asubuhi, milango ya kliniki ya watoto haijafunguliwa, na mwanamke mmoja yuko magotini kwenye sakafu ya chumba cha mikutano, ameuma uzi mwekundu mdomoni. Mbele yake kuna vipande vya boksi alivyovikata kwa mkasi. Kimoja kimeandikwa MAMA. Kingine, MTOTO. Kingine, CHANJO. Anapitisha uzi kutoka hiki hadi kile, anakunja uso, anaufungua tena.

Asiyemjua angedhani ni fundi cherehani aliyepotea njia. Wafanyakazi wa hapa wanamwita Mama Uzi, na kazi yake ni kusanifu kanzidata, yaani lile ghala la taarifa lililomo ndani ya kompyuta: nani ni nani, kipi ni cha nani, na nani anahusiana vipi na nani. Kabla hajaigusa kompyuta, lazima alitandaze jambo zima sakafuni alione kwa macho.

"Ncha yenye fundo maana yake mmoja," anaeleza bila kuinua kichwa. "Ncha niliyoichambua nyuzi tatu, wengi. Mama mmoja, watoto wengi. Mtoto mmoja, chanjo nyingi. Ukikosea ncha moja tu hapa chini, kule juu utalia."

Yeye mwenyewe amelia. Na leo ndiyo siku ya kuyafuta hayo machozi au kufungasha virago.

Kisa kilianza wiki mbili zilizopita, msusi mmoja alipoingia kliniki akiwa na mtoto mgongoni na mwingine kiunoni, sauti juu. Mapacha wake waliletwa kwa chanjo, lakini ni mmoja tu aliyechomwa sindano.

"Kompyuta yenu imenimezea mtoto!" alifoka. "Mashine gani hii isiyojua kuhesabu mpaka mbili?"

Watu waliangua kicheko. Mama Uzi, aliyekuwa amepita tu kuangalia mitambo, hakucheka. Alijua papo hapo kosa liko wapi, na alijua ni la kwake.

Watoto wengi huletwa hapa mara ya kwanza wakiwa bado hawajapewa majina. Kwa hiyo alipokuwa akisanifu, aliamua mtoto atambulike kwa mambo mawili: mama yake na tarehe aliyozaliwa. Alijiona amemaliza kila kitu. Manesi waliukagua mchoro, daktari mkuu akaupitisha, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kuna watu huzaliwa siku moja kwa mama mmoja. Loo!

Basi pacha wa kwanza akishaandikwa, wa pili kompyuta inamkataa, eti yumo tayari. Nesi wa mizani, foleni imefika nje, anafungua taarifa za yule wa kwanza, anaandika uzito wa huyu humohumo, maisha yanaendelea. Kwenye chumba cha sindano, bibi yao, aliyekuja kusaidia kubeba, anapoingia na pacha wa pili, skrini inasema ameshachanjwa leo. "Nenda tu bibi, huyu tayari." Na bibi wa watu abishane na mashine?

Daktari mkuu hakumung'unya maneno. Alimwita Mama Uzi ofisini, akampa vidonge vyake, kisha akampa wiki mbili. Mchoro urekebishwe, na kila mtoto aliyerukwa apatikane. La sivyo, kliniki inarudi kwenye kadi za karatasi, na yeye ajue pa kwenda.

"Kurekebisha hakukunitisha," anasema. "Kila mtoto anapewa namba yake mwenyewe akiingia tu mlangoni, awe na jina au asiwe nalo. Lakini kumtafuta mtoto ambaye hayumo? Nilikuwa nalala macho kodo. Nikifumba tu, namwona mtoto fulani huko, ana homa ambayo sindano aliyonyimwa na kosa langu ingeizuia."

Aliyemtoa kwenye kiza hicho ni mama mkwe wake, mfumaji wa masweta ya watoto, ambaye ndiye mwenye uzi. Kwa miaka mingi amelalamika kwamba mwanawe kaoa mwizi wa nyuzi. Jioni moja, akimwona mkwewe amekiacha chakula kinapoa, aliweka sindano zake za kufumia chini.

"Hao mapacha walipimwa uzito?"

"Walipimwa, mama. Wote. Ila uzito wao umeandikwa kama wa mtoto mmoja."

"Sasa unanunia chakula changu kwa lipi? Nimefuma masweta ya mapacha mpaka vidole vimepinda, na sijaona waliolingana kifua. Mtafute mtoto aliyenenepa na kukonda siku moja. Huyo si mmoja."

Mama Uzi aliruka kutoka kitini, akamkumbatia mkwewe hadi miwani ikaanguka, na akakimbilia kompyuta. Akaitaka imwonyeshe kila mtoto aliyepimwa zaidi ya mara moja kwa siku, kilo zikiwa tofauti. Wakajitokeza kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa na kilo sita, kisha tano na nusu, ndani ya nusu saa. Manesi wakashika simu, wakaita familia zote.

Ndizo familia zilizo nje sasa hivi. Saa mbili juu ya alama mlango unafunguliwa, na wa kwanza ni msusi, bado amevimba kwa hasira. Karibu na mlango, makasha ya kadi za karatasi yamepangwa tayari, endapo mambo yataharibika. Nesi anamwandika pacha wa kwanza. Anamwandika wa pili. Mama Uzi anageukia ukutani, hawezi kutazama.

"Imekubali!" nesi anapiga kelele. "Wako wawili! Njoo uone!"

Mistari miwili, mama mmoja. Dakika chache baadaye, kutoka chumba cha sindano, yule mtoto aliyerukwa anapiga yowe la kupasua dari, na ukumbi mzima unapiga makofi. Msusi anacheka huku anafuta macho. "Lia mwanangu, lia! Umeingia kitabuni!"

Mambo yanakwenda mserereko mpaka familia ya mwisho. Mama anaingia na mtoto mmoja. Nyuma yake shangazi, na mwingine. Nyuma ya shangazi, baba, na wa tatu.

Nesi anamtazama Mama Uzi, Mama Uzi anasogelea skrini. Nesi anaandika. Skrini inampokea wa tatu bila kusita, kama iliyokuwa ikimsubiri.

"Wengi ni wengi!" Mama Uzi anapaza sauti, akirukaruka kama mtoto. "Nilisema mimi! Wengi ni wengi!"

Daktari mkuu anabeba kasha moja la kadi kwa mikono yake mwenyewe, kulirudisha stoo. Kliniki nyingine tatu zimeshaomba mchoro huo, na anataka Mama Uzi akawafundishe vijana wao. Amekubali, kwa sharti moja: wataanzia sakafuni, na uzi.

Lakini kwanza anataka kuongeza kipande. "Wanaoambiwa 'nenda tu' ni bibi zao. Aliyemleta mtoto naye aandikwe, apigiwe simu, aulizwe."

Mama mkwe, aliyekuja adhuhuri kudai uzi wake, anasimama juu ya mchoro, mikono kiunoni. "Na huyo bibi utamwekea nini? Mmoja au wengi?"

Mama Uzi anakata kipande kipya cha boksi na kuandika BIBI. "Kwa mchoro, wengi," anasema, akimtazama mkwewe. "Kwangu mimi ni mmoja." Anachukua uzi na kupiga fundo, akalikaza kwa meno.