Waliobakishwa Carlisle

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu. Alisomea uafisa Uingereza, na kutoka huko alirudi na hadithi moja: ya Wajakobiti, wale Waskoti waliotaka kuurudisha kwenye enzi ukoo wa mfalme uliofukuzwa. Walifika katikati ya Uingereza, wakageuka. Wapanda farasi wa serikali wakawaandama, na kikosi cha nyuma cha Waskoti kikawazuia kwa mapanga kwenye kijiji kimoja, jeshi likapata kuvuka kurudi kwao. Baba huisimulia akipanga vikombe vya kahawa kwenye zulia. "Kurudi nyuma nako kuna ufundi wake," husema, nasi hutikisa vichwa.

Nilipokuwa chuoni niliisoma mwenyewe. Kumbe mwanamfalme wao aliacha watu mia kadhaa kwenye ngome ya Carlisle, karibu na mpaka, eti waishike mpaka atakaporudi. Hakurudi. Mizinga ilipoletwa wakasalimu amri. Wengine wakanyongwa, wengine wakapelekwa ng'ambo kutumikishwa. Nikamuuliza baba mbona hao hawataji. Akasema lazima mtu abaki.

Nyumba yetu ya Bawshar iko kando ya wadi, bonde kavu linalofurika mvua ikizidi. Siku ya tufani simu zililia asubuhi kutwambia tuhame. Baba alifurahi, Mungu anisamehe, lakini alifurahi. Akapanga magari mawili, nani mbele, nani nyuma, twende kwa shangazi mtaa wa juu. Kisha akamgeukia dada anayetufanyia kazi, mwanamke wa Tanga mwenye watoto wawili kwao.

"Wewe utabaki na nyumba. Maji yakiingia panda darini. Sisi kesho tutarudi, inshallah."

"Haya, baba."

Nikadakia kutoka garini: "Kwa nini yeye?"

"Nafasi hamna, mwanangu. Huoni?"

Nilikuwa naona. Kando yangu kwenye kiti cha nyuma vilikaa televisheni na mazulia mawili. Nikashuka, nikaubamiza mlango. "Basi na mimi nnabaki naye."

Televisheni ikashushwa hapo hapo. Kumbe nafasi ilikuwepo! Dada akaingia na mfuko wake wa nguo, mvua imeshaanza kupiga vioo. Nilidhani atalia, au angalau atanuna. Akainama mbele kwa adabu zote.

"Nisamehe baba, nimekusumbua."

"Nishakusamehe," akasema baba, akawasha gari.