Mama Pindo Akataa Kuketishwa

Katika maneno yote ya upole tuliyonayo, hakuna ninalolichukia kama "pumzika" linapoelekezwa kwa mtu mzima ambaye hajachoka. Nimesomea sayansi ya mazoezi hadi shahada, na kazi yangu ni kufundisha watu kunyanyua, kuchuchumaa na kupumua. Nasema bila kumumunya maneno: neno hilo limelemaza magoti mengi kuliko sakafu zote zenye utelezi.

Nililiona likifanya kazi yake kwa mama mkwe wangu, fundi cherehani mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo aliloshona yeye halifumuki. Siku moja aliteleza bafuni. Hakuvunjika mfupa, ila alishindwa kuinuka mpaka jirani aliposikia sauti yake. Tangu hapo wanawe wakamzingira kwa mapenzi. Maji aliletewa, viatu alivishwa, na akigusa tu mkono wa kiti, wote walidakia: "Mama, kaa!" Akakaa. Mapaja yake yakaanza kunywea, nasi tukaita hali hiyo uzee.

Ndipo shemeji yangu, mzaliwa wa kwanza, alipotangaza kwamba nyumba ya mama itafungwa, na mama atahamia kwake yeye shemeji.

"Akianguka tena akiwa peke yake, nani atamwinua?"

"Atajiinua," nikasema.

"Shemeji, haya si mambo ya jimu. Huyu ni bibi."

"Bibi wa nani?" mama akafoka kutoka kitini. "Mimi nimekuzaa, hukunioa!"

Tulicheka sana, lakini uamuzi ulibaki palepale. Nikaomba muda hadi mwisho wa msimu wa mvua: akiweza kuinuka kutoka sakafuni bila mkono wa mtu, abaki kwake. Shemeji alikubali kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuagiza gari la kuhamisha vyombo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mama mwenyewe.

"Mazoezi ni ya wanajeshi, mkwe wangu. Mimi nikimbie, nakimbizwa na nani?"

"Basi tuyaite mazoea. Mazoea ya kusimama."

Alinitazama kama anayekagua kitambaa kabla ya kukikata. "Mazoea nayaweza. Hata baba yao nilimzoea."

Neno hilo lilifungua mlango ambao shahada yangu isingeufungua. Kila tangazo la redio lilipoanza, alisimama kutoka kitini akiwa amekunja mikono kifuani. Akisubiri chai ichemke, alisimama kwa mguu mmoja, kidole kikigusa meza. Nilipomwambia kwamba sasa tutashughulikia nyonga, alijishika shingo: "Uninyonge, nami nimekupa mwanangu?" Tafiti nilizosoma zinaeleza, kwa lugha kavu, kwamba msuli wa mzee bado husikia ukiitwa. Hazielezi jinsi mzee mwenyewe anavyocheka msuli huo ukiitika.

Hatimaye tulishuka sakafuni, tukajifunza kuinuka kwa vipande: kugeukia ubavu, kujisukuma kwa viganja, kupiga magoti, kutanguliza mguu mmoja, kushika kiti.

Siku ya ahadi wanawe wote walifika. Mama alijilaza katikati ya sebule kama anayeota jua. Wifi yangu, kitinda mimba wao, alikurupuka kumshika.

"Wewe, kaa!" mama akamwamuru, naye akakaa.

Akageuka ubavu. Akajisukuma. Alipopiga magoti, paja lilitetemeka, akatulia. Mimi, mwalimu wa kupumua, nikasahau kupumua. Kisha mguu ukatangulia, mkono ukashika kiti, na Mama Pindo akasimama, akalikung'uta gauni lake bila kumtazama mtu.

Wifi alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani. Shemeji peke yake ndiye aliyeguna.

"Kumbe ni ujanja tu wa kushika kiti. Hata mimi naweza."

Akajilaza, suruali ya kazini, kitambi na yote. Akageukia ubavu, akarudi chali. Akajaribu upande wa pili. Akatafuta kiti, nacho kilikuwa mbali. Tulimwacha ahangaike, machozi ya kicheko yakitutoka, mpaka mama alipomnyoshea mkono, miguu yake ikiwa imara kama ya cherehani.

"Kalete mabegi yako, baba," akamwambia. "Kuanzia leo, wewe ndiye unayehamia kwangu."