Chai ya Stanley

Sista Kokuberwa, nesi wa afya ya akili kule Mbagala, alikuwa na kipimo kisichoandikwa kwenye fomu yoyote. Akimtembelea mgonjwa nyumbani, hakunywa chai ya mtu mwingine. Lazima aipike mgonjwa mwenyewe. Watu walimsema huyo! Mgeni gani huyu anayenyanyua wagonjwa wampikie? Naye akawajibu: "Si mnasemaga mgeni njoo mwenyeji apone? Basi apone nikimwona."

Siku hiyo alikuwa kwa Stanley, fundi cherehani aliyewahi kulazwa kwa kusikia sauti zisizokuwapo. Sauti zilishanyamaza, dawa anameza, lakini miezi minne cherehani inakula vumbi tu. Kaka yake, Gaspar, alikuwa ameshuka kutoka Moshi, na mfukoni ana tiketi mbili za kurudia.

"Amepona huyu. Uliobaki ni uvivu," Gaspar akasema. "Kesho naondoka naye, akalime."

Mama Blessing, mkewe Stanley, alilengwa na machozi. Hakutaka mumewe achukuliwe.

"Baba Blessing," Kokuberwa akamwambia Stanley, "naomba chai."

Mama Blessing akaruka. "Jamani sista, mie nipo!"

"Kaa, mama."

Stanley akawasha jiko, akabandika sufuria. Tupu! Akaipua, akatia maji, akazima jiko. Akafungua kopo la majani, akalifunga, akalifungua tena. Gaspar alicheka mpaka akashika mbavu. Baada ya dakika arobaini na tano chai ikafika: vuguvugu, majani yanaelea, imekolea chumvi. Kokuberwa akainywa yote, macho yamemtoka pima.

"Umeona uvivu huo?" Gaspar akasema.

"Mvivu angemtuma mkewe, kaka. Huyu shati limelowa jasho."

"Nataka kufanya, kaka," Stanley akasema taratibu. "Sijui tu nianze na lipi."

Gaspar akaacha kucheka. Maskini, hakuwahi kumuuliza.

Kokuberwa akatoa kalamu. "Sauti zimeondoka, zimeondoka na mpangilio wake wa kufanya mambo. Mtu akifika hapa, dawa peke yake haitoshi. Namwandikia barua kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, amfundishe upya shughuli zake, hatua kwa hatua."

Kesho yake Gaspar akapanda basi peke yake. Kiti cha pili kilikaliwa na kiroba cha nazi.

Baada ya miezi miwili Kokuberwa akarudi. Mama Blessing alikuwa amekalia mikono yake mwenyewe isimponyoke kwenda kusaidia. Maji yakatangulia, majani yakafuata, sukari ikaingia vijiko saba. Chai gani ile, ni asali! Kokuberwa akainywa huku akiitazama cherehani. Ilikuwa na suruali, mguu mmoja umeshonwa, wa pili bado.

"Ya nani hii?"

"Ya kaka Gaspar," Stanley akasema. "Nikimaliza wa pili, aje kuichukua. Ila tiketi anunue moja."