Redio Anena kwa Lugha

Wateja walimwita Redio, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukikaa kwenye kiti chake cha kunyolea utapewa habari za mtaa mzima kabla mashine haijafika kisogoni, na ukitaka kuchangia neno, subiri akung'ute taulo. Lakini kanisani kinyozi huyu alikuwa bubu. Kanisa lao ni la walokole, na kwao aliyejazwa Roho hunena kwa lugha: humtoka maneno asiyoyajua yeye wala jirani yake. Wenzake wote wa kundi la maombi walikuwa wameshanena. Yeye alifunga, akakesha, akawekewa mikono hadi utosi ukamuuma, na ulimi wake ukabaki ule ule wa kinyozi.

Hilo lingebaki kati yake na Mungu wake kama mchungaji asingetangaza kwamba asiyenena atapumzishwa kundini. Redio alilipenda kundi lile. Tena aliyaogopa macho ya mama mkwe wake, kwa sababu bibi huyo ndiye mfasiri wa kanisa: mtu akinena, yeye husimama na kueleza Bwana amesema nini. Basi Jumapili ile, mchungaji alipomshika kichwa na watu wakapandisha sauti, Redio alifumba macho akaanza kuporomosha majina ya mitindo ya nywele yaliyobandikwa ukutani kwenye kibanda chake cha kunyolea, kinyumenyume, mbio mbio. Kanisa zima likashangilia. Naye, mjinga yule, akaona ameokoka kwa bei rahisi. Alisahau kabisa kwamba kuna mfasiri.

Mama mkwe alisimama machozi yakimtoka. Alimtazama binti yake mdogo, shemeji yake Redio, aliyekuwa amempakata mwanawe mwenye ugonjwa wa sukari. Akatangaza kwamba Bwana amemponya mtoto huyu, na kuanzia saa hiyo asichomwe sindano tena.

Redio akafumbua macho. Mtoto yule alichomwa sindano kila mara kabla ya kula, na daktari alishawaonya kwamba akikosa dawa anaweza kupoteza fahamu asiamke. Alitaka kusema pale pale, lakini watu walikuwa wamemzonga wakimkumbatia, na moyo ukamwambia atasema baadaye. Nyumbani aliwekewa chakula. Alasiri alikisukuma, akatoka kwenda kwa shemeji, nusu anatembea nusu anakimbia.

Alimkuta mtoto amelala kitandani, midomo imekauka, anaomba maji, na kikombe kando yake kilikuwa kimemalizwa sasa hivi. Mama mkwe alikaa miguuni pake na Biblia mapajani, na shemeji alikuwa ameupa mlango mgongo, akimpepea mwanawe. Chupa ya dawa bado ilikuwa kwenye chungu cha maji walikoiweka ipate ubaridi.

"Shemeji, mchome mtoto," Redio alisema. "Mimi sikunena. Nilibuni."

Shemeji hakugeuka. "Ndivyo Ibilisi anavyokuja, shemeji. Mtu akishapokea, anatiwa shaka."

Akamweleza kila kitu, ukuta, mitindo, woga wake. Akajaribu hata kuyarudia yale maneno, na shemeji akaziba masikio. Alisema kama ulimi ule ulikuwa wa uongo, mama yake angejua, maana mama hajawahi kukosea.

Mtoto akatapika maji yote. Pumzi zake zikaanza kwenda haraka haraka, kifua kikipanda na kushuka. Redio, aliyezoea kuongea na mama mkwe kwa kuinamisha macho, alimwangalia usoni.

"Mama, yeye anakusikiliza wewe. Ulisikia nini kwenye maneno yangu?"

Bibi alifunga Biblia, akaifungua, akaifunga tena. Mjukuu akaomba maji kwa sauti ndogo.

"Mchome," alisema hatimaye. "Sikusikia kitu. Nilimwona huyu, nikataka apone."

Shemeji alitoa chupa kwenye chungu, akavuta dawa, akamchoma mwanawe pajani. Redio alikuwa tayari kwenye simu akitafuta gari la kuwapeleka hospitali, na maneno yalimtoka ovyo hadi dereva akamuuliza mara mbili nyumba ipi. Aliona aibu, na alikuwa na furaha pia kwamba hata mfasiri alibuni, nayo furaha ile ikamtia aibu zaidi.

Shemeji alimfunika mtoto shuka, akamweka begani. Ndipo akamgeukia mama yake. Hakupaza sauti.

"Na ile siku uliyofasiri kwamba Bwana hataki niolewe na baba wa mtoto huyu?"

Mama mkwe alikuwa anaifungua tena Biblia gari liliposimama mlangoni.