Walikata Waya Nalepo Akiwa Anaongea

Nalepo alikuwa katikati ya sentensi, picha ikaganda.

Mikono yake ikabaki hewani kwenye skrini. Kiganja kimoja tumboni, kingine kimeinuka. Halafu skrini ikawa nyeusi.

Nalepo ni kiziwi. Alikuwa zahanati, anamweleza nesi jambo zito kuhusu mimba yake, na mtu pekee aliyekuwa anamwelewa hakuwa pale. Alikuwa mjini, kwenye chumba cha nyuma cha ghorofa moja mtaa wa Moshono.

Mtu huyo ni Agnela, dada yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa. Haya yamempata yeye, siyo mimi. Kaniruhusu niyaandike kwa sharti moja tu, nisipambe.

Sipambi. Na nawaambia mapema, hii siyo stori ya kusoma huku unakula.

Agnela ni mkalimani wa lugha ya alama. Aliianzia nyumbani kwao, kule juu Meru kwenye migomba, maana mdogo wake Eliamini aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, akapona lakini masikio yakabaki kwenye ule ugonjwa. Baadaye Agnela akaenda kuisomea kabisa.

Kazi yake iko hivi. Zahanati za pembezoni zikipata mgonjwa kiziwi, zinampigia kwa video. Mgonjwa anaongea kwa mikono, Agnela anamtafsiria nesi kwa sauti. Nesi anajibu, Agnela anarudisha kwa mikono.

Ndiyo maana alifunga intaneti ya waya. Bando la simu ndani ya lile jengo lilikuwa linagandaganda, na lugha ya alama ikiganda ni sawa na mtu kakuziba mdomo.

Kampuni iliyomfungia tuiite Njiwa. Siyo jina lake.

Asubuhi hiyo Nalepo alikuwa amekuja zahanati peke yake, huko magharibi ya Mlima Meru. Mimba ya kwanza, kubwa. Mumewe, Lesian, alikuwa mbali na ng'ombe. Nesi, dada mmoja anaitwa Lilian, akafanya kama kawaida, akampigia Agnela.

Nalepo akaanza. Agnela akawa anatafsiri.

"Anasema, mtoto, tangu jana..."

Hapo ndipo ikakata.

Agnela akaangalia kile kiboksi cha intaneti, taa nyekundu. Akazima, akawasha. Nyekundu. Akatoka kwenye korido akiwa pekupeku.

Chini ya ngazi pale kuna kabati ambalo nyaya zote za jengo zinapita. Lilikuwa wazi. Mbele yake amechuchumaa jamaa mmoja na plaizi, fulana ya rangi ya chungwa, anatafuna bigijii. Anakata waya, anauvuta, anautupa nyuma yake. Sakafu yote ilikuwa nyaya, zimelala kama matumbo ya mbuzi aliyepasuliwa.

Agnela akamwambia aache, arudishe ule wa chumba chake, kuna mgonjwa yuko hewani.

Yule chalii hakugeuka hata shingo.

"Dada, mimi nimetumwa kukata," akasema. "Kuunga hawajanituma."

Akaendelea kutafuna.

Dada yangu anasema mpaka leo ile sauti ya bigijii mdomoni inamtia kichefuchefu.

Hakubishana. Alikimbia na simu mpaka barabarani, pale kwa wauza mbao, akainyanyua juu akitafuta mtandao. Akampigia Lilian. Haipokelewi. Akapiga tena. Lilian alikuwa ameshahamia kwa wagonjwa wengine, foleni ilikuwa imefika nje.

Na alishamhudumia Nalepo, kwa kadiri alivyoelewa. Alikuwa amesikia "mtoto, tangu jana", akaona mkono tumboni, akajua ni maumivu tangu jana. Akampa dawa ya kutuliza, akamwonyesha benchi akapumzike.

Nalepo akawa anamvuta nguo. Lilian akamshika bega kwa upole, akamkalisha.

Simu ilipokuja kupokelewa, na video ikakubali, Agnela alimwona Nalepo anainuka pale kwenye benchi, uso wote machozi. Akamalizia sentensi yake.

Mtoto, tangu jana, hachezi.

Lilian aliposikia alidondosha kadi alizoshika. Wakampima, wakatafuta gari, akakimbizwa hospitali mjini.

Nalepo alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa ameshafariki.

Agnela alikuwa amemfuata kule hospitali. Ni yeye aliyemwambia Nalepo, kwa mikono yake, maana daktari hakuwa na namna nyingine. Kisha Nalepo akauliza, na Agnela akatafsiri: angewahi kidogo, ingekuwaje?

Daktari alikuwa mkweli. Alisema labda mtoto angepona, labda alishaondoka hata kabla mama hajafika zahanati. Hakuna anayeweza kujua.

Hiyo "labda" ndiyo iliyomtafuna dada yangu. Angeambiwa ndiyo au hapana, angelia yakaisha.

Kesho yake akaenda kwa mwenye jengo.

Mzee Elisaria ni mtu anayeheshimika, kanisani anakaa benchi la mbele. Agnela alimkuta sebuleni anakula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, maziwa yamemganda kwenye masharubu. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, karibu. Agnela akamweleza yote, mpaka ya mtoto.

Mzee alisikiliza huku anakomba bakuli. Akasema pole sana, kazi ya Mungu haina makosa. Kisha akaeleza kwamba amesaini na kampuni mpya, hii ya rangi ya chungwa, na sasa jengo zima litatumia hiyo peke yake. Wamemfungia kamera. Wamempigia rangi jengo lote bure. Waya wa mtu mwingine hautakiwi tena.

Agnela akauliza kwa nini wapangaji hawakuambiwa.

"Jengo ni langu," mzee akasema. "Ukuta ni wangu. Hata hewa iliyo ndani ya ukuta ni yangu. Ukitaka intaneti, nunua hiyo iliyopo."

Akajifuta masharubu kwa kiganja, kisha akampa dada yangu mkono huohuo kumuaga.

Akaupokea, afanyeje? Mkubwa ni mkubwa. Lakini alipofika nje alinawa kwenye bomba la bustani, na anasema alisugua mpaka ngozi ikauma.

Hiyo kampuni mpya yenyewe ilikuwa hovyo kabisa. Wingu likikaa juu ya Meru, inakata. Na kwa kuwa hakuna nyingine ya kushindana nayo humo ndani, ukipiga simu kulalamika wanakuambia fundi yuko njiani. Fundi haji.

Agnela akawa anafanyia kazi barabarani, amekaa kwenye magogo ya mbao, anatafsiri magonjwa ya watu huku bodaboda zinapita.

Hapo ndipo alipotokea Solomoni.

Solomoni ni meneja wa Njiwa, ile kampuni iliyokatiwa nyaya. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, sauti ya taratibu. Alikuwa amesikia habari za Nalepo. Alimfuata Agnela palepale kwenye mbao, akakaa naye kwenye gogo bila kujali suruali yake, na alipohadithiwa, machozi yakamtoka.

Akasema huu ni ukatili. Akasema waya ndani ya jengo ni kama korido, haiwezekani mtu mmoja aifunge na kuamua nani apite. Akamshauri waende pamoja kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya mawasiliano. Yeye atazungumza kama kampuni, Agnela atazungumza kama mpangaji.

Halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba ingesaidia sana kama Nalepo naye angekuja.

Agnela alisita. Nalepo alikuwa bado anafungwa kanga kifuani, maana maziwa yalikuwa yanatoka na hakuna wa kunyonya. Lakini Solomoni akasema, dada, tukishinda hapa hakuna mama mwingine atakayekatiwa.

Nalepo akakubali kwa sababu ya sentensi hiyo.

Mezani kwenye ile ofisi walikuwepo wote. Mzee Elisaria na suti, watu wa rangi ya chungwa, Solomoni, na afisa mmoja mama wa makamo aliyewasikiliza kila mtu bila kumkatisha. Watu wa chungwa walisema ni usalama wa jengo. Nyaya zikiwa nyingi zinaleta vurugu, kampuni moja ndiyo inaweza kuwajibika.

Kisha Nalepo akasimama. Aliongea kwa mikono, Agnela akatafsiri kwa sauti. Alionyesha jinsi alivyomvuta nesi nguo. Alionyesha jinsi alivyokalishwa.

Solomoni alikuwa ameinama, kitambaa usoni.

Afisa alipozungumza hakuzunguka. Alisema mwenye jengo ana haki ya kuta zake, ila mpangaji naye siyo mzigo unaouzwa pamoja na ukuta. Wakakubaliana kwamba kabati litabaki wazi kwa kila kampuni yenye leseni, na hakuna atakayegusa waya wa mwenzake.

Tulifurahi, sikatai. Njiwa wakarudi Moshono na ngazi zao, wakaunga. Agnela akarudi mezani kwake.

Mzee Elisaria alisubiri tu mkataba wa Agnela, uliobakiza wiki chache, uishe, akamwambia chumba anakihitaji kwa ajili ya ndugu.

Haya. Dada yangu akatafuta nyumba, akapata mtaa wa Themi. Ghorofa safi, maji yapo, mwenye nyumba mkarimu. Msimamizi wa jengo, dada anaitwa Nancy, akamtembeza. Agnela akauliza swali lake la kwanza kila mahali: intaneti je?

Nancy akasema ondoa shaka, hapa kuna Njiwa. Ni wao tu.

Agnela akadhani amesikia vibaya.

Nancy akamweleza bila hata kuona ubaya wake. Njiwa wameelewana na mwenye jengo. Kabati la nyaya lina kufuli, ufunguo wanao wao. Kulikuwa na mpangaji ghorofa ya juu mwenye intaneti ya kampuni nyingine, mzee anayesomesha wanafunzi kwa video. Mafundi wa Njiwa walikuja wakaukata waya wake, juzijuzi tu.

"Juzijuzi lini?" Agnela akauliza.

Nancy akafikiria. Akasema ni ile wiki ambayo meneja wao alichelewa kuja kusimamia, akaomba radhi, alikuwa na kikao na watu wa serikali.

Yaani Solomoni alitoka kulia mezani na kitambaa usoni, akapanda gari, akaja Themi kusimamia ukataji.

Agnela alikaa kwenye ngazi.

Akampigia Solomoni. Alitarajia atakana, au atababaika. Wala. Alipokea kwa ile sauti yake ya taratibu, akamjulia hali, akauliza Nalepo anaendeleaje. Agnela akamwuliza kuhusu kabati la Themi.

Solomoni akasema:

"Dada Agnela, ile ilikuwa Moshono. Huku ni kwetu."

Na akaongeza kwamba akihamia pale watamfungia bure, kwa heshima ya kazi nzuri waliyofanya pamoja.

Agnela alikata simu.

Nalepo ilibidi ajue. Agnela alipanda mpaka kwao, wakakaa kwenye kivuli cha boma, akamweleza kila kitu kwa mikono. Nalepo alitazama mpaka mwisho. Hakulia. Alikunja uso kama mtu aliyenusa mzoga, akageuka pembeni, akatema mate.

Kisha akasema, na dada yangu ameniomba niandike kama alivyotafsiri mwenyewe:

"Mtoto wangu siyo tangazo. Sitamtoa tena mbele ya watu kwa ajili ya kampuni."

Agnela akamwambia hatamwomba.

Alikwenda mwenyewe kwenye ile ofisi, na safari hii hakuwa na kampuni yoyote pembeni. Alikuwa na yule mwalimu wa ghorofa ya juu pamoja na wapangaji wengine wa Themi. Afisa alikuwa yuleyule. Alimtazama Solomoni akiingia na kukaa upande wa pili wa meza, akamtazama muda mrefu.

Solomoni alipopewa nafasi alisema ni suala la usalama wa jengo. Nyaya zikiwa nyingi zinaleta vurugu.

Neno kwa neno kama walivyosema watu wa chungwa.

Hakuna aliyehitaji kubishana naye. Kufuli la Themi lilitolewa wiki hiyo, na mwalimu akaungiwa waya wake. Solomoni, akiwa anatoka, alimsogelea Agnela na mkono umenyooshwa, anatabasamu, kama watu waliomaliza mchezo wa bao.

Safari hii hakuupokea.

Nikamwuliza dada yangu, sasa huko Themi unatumia kampuni gani? Akasema mbili, kila moja na waya wake, na haipendi hata moja. Nalepo ana mimba nyingine. Akija zahanati, Agnela haondoki mbele ya skrini mpaka Lilian aseme wamemaliza.

Ndugu msomaji, mimi nimejifunza kitu kimoja. Mtu akija kukuomba machozi yako yamsaidie kushinda, usimnyime haraka, lakini usimpe bure pia. Mwulize kwanza: ukishinda, wewe utamfanyia nini yule unayemzidi nguvu?

Akikwepa swali, jifute machozi yako, uende mwenyewe.