Mwewe Waliokuwa Wametoka

Baadhi ya mwewe niliowatumia kuombea nafasi ya uzamivu hawakuwepo. Nililijua hilo siku nne baada ya kutuma maombi.

Nafasi ilikuwa moja tu: kusomea uhifadhi wa wanyama kwa njia ya hesabu, ada ikilipwa na chuo. Sijawahi kuona nyingine kama hiyo. Kila mwombaji alitakiwa kuhesabu kiumbe mmoja mahali pawili, saa ile ile, kila siku kwa wiki tatu, kisha aeleze tofauti. Nilichagua mwewe. Kwetu hawatafutwi, hukaa juu ya mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu, wakingoja bucha zifunguliwe.

Nilihesabu mtaani Kawangware, Nairobi, kwenye kituo kiitwacho 46, ninakoishi. Saa moja asubuhi singeweza kuwa Kibera pia, kwa hiyo Mashimoni, kijiji cha huko Kibera, nilimwachia mama mdogo, dada ya mama yangu, anayeuza maji hapo na kufungua kioski kabla jua halijatoka. Nilimpa daftari.

"Andika waliopo tu," nilimwambia.

"Waliopo," akakubali.

Tarakimu zangu zilirukaruka: tisa, mbili, sita, siku moja hakuna kabisa. Zake zilikuwa kumi na mmoja, kila siku. Niliandika ukurasa mzima nikieleza kwamba Mashimoni chakula cha mwewe ni cha uhakika. Niliuamini ukurasa huo.

Kisha nikapita kwake kumshukuru. Juu ya taa walikuwa watatu.

"Leo wamepungua," nikasema.

"Wako kumi na mmoja."

"Mama, naona watatu."

"Hao wengine wametoka." Alikuwa akimjazia mteja mtungi. "Yule wa mkia mbovu ameenda bucha ya juu. Wawili wana watoto. Msimamizi wa ploti akihesabu wapangaji na mimi niko hapa kioski, ananifuta?"

"Lakini hukuwaona."

"Nawajua! Daktari gani huyu, anataka ndege waitikie rejista?"

Mteja alicheka hadi akamwaga maji.

Nilirudi nyumbani nisijue niite nini nilichokituma. Katika fani hii, kukadiria wasioonekana ni sehemu kubwa ya kazi. Tunafanya hivyo kwa milinganyo mirefu. Yeye alifanya bila mlinganyo. Ni uongo, au ni ujuzi ambao sina safu ya kuuandikia? Nilimwandikia profesa anayepokea maombi ukweli wote, nikitarajia kuondolewa.

Jibu lilikuwa sentensi mbili. Nitume daftari upya, kila siku ikionyesha mwewe wangapi walionekana na wangapi walijulikana tu. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana.

Nilimpelekea mama mdogo daftari. Alivaa miwani, akafungua kurasa polepole. Kila siku aliikumbuka: hii maji yalipotea, hii kulikuwa na mazishi. Mwewe alikumbuka wote kumi na mmoja, lakini si nani alionekana siku ipi.

"Mmoja sijamwona tangu Jumapili," akasema mwishowe.

"Basi tumfute?"

"Umfute kwa nini? Hajahama."

Leo ni Alhamisi. Nimechora safu mbili, na zote mbili bado hazina kitu.